Jiko la Mkaa kwenye Karamu ya Waliozama

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2019. Asubuhi hiyo mvua ya barafu iliupiga mji wa Duluth, na upepo mkali ulivuma kutoka Ziwa Superior.

Marlys Haugen aliamka mapema, akasali, kisha akapiga pasi makoti ya kijivu. Yeye ndiye aliyepanga chakula na mavazi ya wapenzi wa mchezo mmoja wa zamani wa redio. Mchezo huo ulihusu mabaharia waliozama ziwani, ambao hurudi kila mwaka kula chakula cha jioni. Kila Oktoba wapenzi hao walikodi nyumba ya mbao kando ya ziwa. Walivaa kama waliozama. Walipaka nyuso rangi nyeupe na midomo rangi ya buluu. Tena walikuwa na desturi: kengele ikishalia, hakuna kuvunja mchezo mpaka sahani ziondolewe.

Binti yake, Britta, alimtania kwamba anawalisha wafu vizuri kuliko walio hai nyumbani.

Marlys alikuwa amepanga kuchoma samaki nje. Lakini mvua haikukatika. Basi alasiri wakaliingiza jiko la mkaa likiwaka kwenye baraza ya vioo, karibu na meza. Wakafunga madirisha yote ili upepo usizime mishumaa. Kengele ikalia.

Walikula kimya. Baada ya muda Verne, mume wa Marlys, akanong'ona kwamba anasikia maji yakitembea chini ya sakafu. Mama mmoja akasema kuna mtu amesimama nyuma ya kiti chake. Wote wakageuka. Hapakuwa na mtu. Wakatabasamu, maana hawakuwahi kupata karamu ya kutisha namna hii. Kichwa kilimgonga Marlys. Alidhani ni uchovu wa kushona yale makoti.

Kisha Britta akainamisha kichwa taratibu. Mkono wake ukaingia kwenye bakuli la supu ya moto. Hakuutoa. Wenzake wakapiga makofi ya polepole, kama desturi ilivyotaka kwa aliyeigiza vizuri. Marlys naye akapiga.

Halafu akamtazama tena. Chini ya rangi ile hakuweza kujua kama mwanawe ni mzima au mgonjwa.

"Britta," akaita, akivunja mchezo. "Mwanangu, toa mkono."

Mkono ulibaki ndani ya supu. Marlys akataka kusimama, magoti yakakataa. Akamwita Mungu kwa sauti.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa jirani wa nyumba ile, Arvo Lehto, zimamoto mstaafu, akileta kuni. Aliliona jiko, akazitupa kuni.

"Nje wote. Sasa hivi. Acheni chakula."

Akambeba Britta. Wengine wakatoka wakipepesuka, Verne akimshika Marlys. Mvua ikaichuruzisha rangi nyusoni mwao. Arvo akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Verne akabisha kwamba ndani hamkuwa na moshi.

"Ndiyo maana inaua, Verne," Arvo akasema. "Mkaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Unaivuta na hujui. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, miguu inalegea. Wengine husikia na kuona visivyokuwepo. Kisha unalala, huamki."

Aliwaeleza kwamba hata kufungua dirisha hakutoshi. Jiko la mkaa halipikiwi ndani, wala haliingizwi likiwa bado na makaa. Mtu akizidiwa, watu watoke kwanza, ndipo waite msaada. Na kila nyumba iwe na king'ora cha kutambua gesi hiyo.

Verne akamuuliza kuhusu yule aliyesimama nyuma ya kiti.

"Ni gesi," Arvo akasema. Lakini akautazama kidogo ule mlango uliobaki wazi.

Hospitalini Britta aliwekewa oksijeni na mkono ukafungwa bendeji. Jumapili mchana alirudi, mdomo wake mkali kama kawaida. Akaomba supu nyingine, safari hii kwa kijiko.

Marlys alikuwa amebadili mipango ya karamu. Samaki walipikwa kwa Arvo, kwenye jiko la umeme. King'ora kilikuwa ukutani. Makoti yalivaliwa, lakini nyuso ziliachwa bila rangi, ili kila mtu amwone mwenzake akibadilika. Na yeyote akijisikia vibaya, angesema tu "nje", na wote wangetoka.

Kabla ya kula, Marlys alisimama, mkono wake begani kwa Britta.

"Mbele za Mungu na mbele yenu, naahidi," akasema. "Jiko la mkaa halitaingia tena nyumba ninayopikia, hata mvua inyeshe mwezi mzima. Na mtu akianguka mezani kwangu, sitapiga makofi. Nitamwamsha."