Sindano za Asubuhi

Kwa muda mrefu sikutambua kwamba mama yangu haoni vizuri. Dalili zote zilikuwa mbele yangu, na mimi ndiye niliyekuwa na macho mazima.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilisimama dirishani mwa chumba chetu kilichokuwa juu ya duka la mikate, nikatia uzi kwenye sindano za mama. Zenye uzi mweupe nilizichomeka upande mmoja wa kimto chake kidogo, zenye uzi mweusi upande wa pili. Chai niliinywa wima, mkono mmoja ukiwa kazini. Kisha mama alichukua kimto chake, akavuka barabara kwenda kwenye karakana ya mashati, alikokuwa akishona vifungo. Alipenda kusema kwamba uzi uliotiwa na mtoto haukatiki. Nami nikaamini, nikavimba kichwa.

Hata melini ilikuwa hivyo. Tulipohama kwetu, mama na mimi, tulilala chumba cha chini, karibu na injini, mahali ambapo hata kikombe kilitetemeka mezani. Ngazi za kupandia juu zilikuwa na giza, na kila tulipozipanda mama aliniweka mbele, mkono wake begani mwangu, akisema asije akanipoteza. Abiria wakaniita Nahodha. Humo humo ilienea habari, isiyojulikana ilikoanzia, kwamba katika bandari tuendako madaktari hukagua kila mgeni, na mwenye kasoro yoyote hurudishwa na meli iliyomleta. Siku tuliyoshuka, mama aliliminya bega langu hadi likauma. Nilidhani ni furaha.

Basi asubuhi moja nilichelewa kuamka. Shuleni kulikuwa na mashindano ya mbio, na mwenzangu alikuwa chini barabarani akinipigia mluzi. Nilishuka ngazi mbio, nikakiacha kimto mezani na sindano tupu.

Jioni nilipita karakanani kumweleza mama kwamba nimekuwa wa pili. Nikamkuta ameinamia meza, akiuelekeza uzi kwenye sindano. Uzi ukapita kando. Akaulowesha mdomoni, akajaribu tena. Ukapita kando tena, mbali kabisa na tundu. Pembeni yake mashati yalirundikana bila vifungo, na kwenye ukosi wa shati jeupe palikuwa na doa la damu. Alikuwa amejichoma kidole.

Msimamizi akaja. Alikuwa mzee mtaratibu, mwenye mazoea ya kusema na watu kwa sauti ya chini. Alilitazama doa, akauliza kulikoni. Mama akasema mkono umeteleza. Msimamizi akamkumbusha kwamba juma lililopita pia vifungo vilishonwa upande, kisha akasema, bila kupendezwa na maneno yake mwenyewe, kwamba pengine kazi hii haimfai na itabidi apewe mwingine. Bila kazi ile, hata chumba chetu tusingekimudu.

Nilitaka kumtetea. "Si kosa lake, mzee," nikasema. "Leo sikumtilia uzi."

"Kwani huwa unamtilia wewe?"

"Kila siku."

"Kwa nini?"

Nilifungua kinywa nijibu, na hapo ndipo jibu liliponijia mimi mwenyewe. Nilizikumbuka ngazi za melini na ule mkono begani. Nikamgeukia mama.

"Ni macho, mzee," mama akasema polepole. "Kitu cha karibu sikioni. Nilificha kwa sababu tuliambiwa mgonjwa hurudishwa alikotoka."

Mpiga pasi wa karakana, ambaye wote walimwita Bibi Pasi na ambaye alikuja kwa meli ile ile yetu, aliweka pasi yake kando.

"Urudishwe kwa ajili ya macho?" akasema. "Shoga, mimi nilipita pale bandarini na miwani hii hii puani, minene kama vitako vya chupa. Daktari akanichungulia koo, akaniambia nipite upesi, nisimzibie njia."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, huku akijifuta machozi. Msimamizi alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Shati hufuliwa, mama," akasema. "Lakini mimi nilikuwa karibu kukufukuza kwa uzembe usio wako, kwa kuwa sikujua. Mficha maradhi, kifo humfichua. Wewe una bahati, umefichuliwa na mtoto. Kesho nenda zahanati ya macho, kiti chako kitakungoja." Kisha akanitazama mimi. "Nawe, mwanangu, kumsaidia mzazi ni jambo jema. Ila msaada ukiombwa kila siku, siku moja uliza sababu yake. Huenda anayeuomba ana shida asiyoweza kuisema."

Kule zahanati, muuguzi alimjaribisha mama miwani moja baada ya nyingine, mpaka akaanza kusoma maandishi madogo bila kusita. Kisha mama akanigeukia, akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Kumbe una kovu juu ya nyusi," akasema. "Ulilipata lini?"

"Melini, mama. Nilijigonga kwenye ngazi."

Akaligusa kwa kidole.

Tangu siku ile mama alitia uzi kwenye sindano zake mwenyewe, nami nikawa nakunywa chai ya asubuhi nimeketi, pamoja naye.