Kinu Kikinyamaza

Mwanne alimjua Hatibu kwa sauti kabla hajamtazama usoni. Ilikuwa siku ya mnada Shinyanga, mwaka wa thelathini na saba, watu wamebanana na vumbi limewapanda mpaka magotini. Kijana wa kaptula ya kaki akasimama mbele ya sinia lake akanguruma, "Vitumbua bei gani?"

"Mimi si kiziwi, kaka," alisema Mwanne, akijifunga kanga upya.

"Samahani, dada. Kwetu mgodini usipopaza sauti huli."

Alikuwa akilinda kinu cha kupondea mawe ya dhahabu upande wa Geita, kinu kinachonguruma usiku na mchana. Akawa anakuja kila alipopata ruhusa, na kila mara Mwanne humwambia, "Punguza sauti, mpenzi, utaniamshia mtaa." Naye hucheka, ila macho hayacheki. Alikula kidogo, miguu haitulii, na kila safari alirudi amekonda zaidi. Mwanne akadhani ni mapenzi yanamkondesha. Wasichana wana ujinga huo.

Siku ya posa, Ijumaa asubuhi, Mzee Akida, baba yake Mwanne, aliwaketisha wageni barazani. Hatibu hakuwa na jamaa mjini, akaja mwenyewe na mshenga wake, kanzu nyeupe imenyooshwa pasi ikanyooka. Mahari ikakubaliwa. Mwanne alichungulia nyuma ya pazia, akitabasamu. Wazee wakainua mikono kusoma Fatiha kimoyomoyo, na baraza zima likawa kimya.

Hatibu akaruka. Akamkanyaga mshenga, akaipiga teke birika ya kahawa, akatoka mbio mpaka barabarani asigeuke nyuma.

"Mwehu," alisema Mzee Akida. "Binti yangu hachezewi."

Mwanne alilia kwa aibu, kisha hasira ikamkataza kukaa ndani. Akajitanda kanga akaenda mbele ya duka la Mhindi, lilipokuwa likipakia lori la Geita. Hatibu alikuwa juu, katikati ya magunia, amelowa jasho.

"Kama hunitaki ungesema. Umenikimbia mbele ya baba yangu."

"Sikukukimbia wewe, Mwanne." Leo sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilisikia kimya. Kinu kikinyamaza ujue kimeharibika, na kikiharibika zamuni mwangu napigwa makofi mbele za watu. Mwenzangu Bujiku alisinzia, mkanda ukakatika, wakamfukuza siku ile ile na watoto wake. Sasa kimya cha popote kinaniinua. Nikilala naota kimesimama. Hata sala inanishinda. Mwili unakimbia mimi sijaamua."

Hasira ilimtoka Mwanne, ikabaki hofu tupu. "Na unarudi huko huko?"

"Nisiporudi nitakuoa kwa mali gani?"

"Utanioa ukiwa maiti? Tazama ulivyokonda. Mimi nataka mtu anayelala usingizi. Ukienda na lori hili, usinirudie. Nakupenda, ndiyo maana nakwambia."

Jilala, dereva, akapiga honi. "Ng'wanawane, mwanangu, unakwenda au unaoa?"

Hatibu akashika ubao wa lori, akashuka.

"Baba amesemaje?" aliuliza.

"Amesema hamtaki mwehu."

"Basi tukamwambie mwehu ameacha kazi. Nitabeba mizigo stesheni, nitalima pamba, lolote."

Lori likaondoka, mngurumo wake ukafifia mpaka ukapotea. Maduka yalikuwa yanafungwa kwa ajili ya sala, na barabara ikanyamaza. Mwanne akamwona anakakamaa, shingo imegeuka, kisigino kimoja kimeinuka. Akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo binti wa Mzee Akida hakupata kulifanya.

"Hakuna kilichoharibika," alisema. "Simama hapa na mimi."

Jasho lilimtiririka Hatibu mpaka likalowesha shingo ya kanzu. Alitetemeka mwili mzima, akamng'ang'ania Mwanne vidole mpaka vikamuuma, lakini hakukimbia.