Mzigo Uliolala

"Ndoo, hapa Kisima. Msafara wa kwenda Wajir unatoka saa nne. Kuna mdomo hapo Garissa unaowaarifu waasi wa shifta. Uzibe."

"Ndoo nimesikia."

Keinan, Ndoo wa redioni, alizima redio ya Land Rover. Shamso, dada yake mwalimu, angekuwa ndani ya msafara huo. Sasa ilikuwa saa tatu.

Magotini alikuwa na redio ya shifta iliyotekwa Lafey. Aliifungua tena. Kwenye kikuza sauti, mahali mafundi wote wanapoweka rezista, palikuwa na transista ya pili.

Mtu mmoja tu aliunga hivyo.

"Rezista ni mzigo uliolala, walaal, ndugu yangu," Ogle alimfundisha zamani. "Inakula umeme bure. Weka transista pale, mzigo uamke, sauti ifike mbali kwa betri ileile."

Ogle, fundi wa redio za serikali. Ogle, aliyemshika mkono siku ya kumzika babake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alimkuta karakanani, chuma cha kulehemu kikiwa moto.

"Nabad, Keinan. Kaa. Mgeni wangu hakai na koo kavu." Ogle akatoka kwenda kwa Jawahir, jirani, kutafuta maziwa ya ngamia.

Keinan alijua atatoka. Akautumia ukarimu ule, nao ukamuuma. Nyuma ya magunia aliikuta redio, pacha wa ile ya Lafey.

Angeweza kuibeba. Lakini alitamani sana awe amekosea, Ogle asiwe ndiye anayeitumia. Aling'oa transista ya pili, akalehemu rezista mahali pake. Kwa mzigo huo sauti isingevuka mji.

Ogle alirudi na kibuyu cha maziwa. Keinan hakukigusa.

"Nina haraka," alisema, akatoka, akajibanza nyuma ya ukuta.

Saa nne malori yakanguruma.

Nyamaza, walaal, Keinan aliomba moyoni. Nyamaza tu.

"Issack, Issack. Wametoka. Malori manne. Issack, wanisikia?" Ndani ya karakana, Ogle alikuwa akimwita shifta redioni.

Hakuna aliyejibu.

Keinan aliingia na Browning mkononi. Ogle hakuitazama bastola. Alikuwa ameifungua redio, akaiona rezista.

"Umeulaza mzigo wangu."

"Shamso yumo. Ulijua?"

Ogle aliinamisha kichwa. "Nilijua."

Keinan alimfunga pingu mwenyewe, akawakabidhi askari.

Jioni redio ikaita. "Ndoo, malori yamefika salama."

"Ndoo nimesikia."

Alikirudisha kibuyu kwa Jawahir, kimejaa vilevile.

"Mgeni hakunywa?" Jawahir aliuliza.

"Hakuweza, eeddo," Keinan alimjibu kwa heshima, kama shangazi yake.

Akaenda zake kwenye Land Rover.