Saa na Mwenyewe

Kauthar hakumpa Khairat ile saa mkono kwa mkono. Aliifungua kutoka pindo la kanga, akaiacha iteleze mkekani, kisha akaisukuma kwa ncha ya kidole kama mtu anayesogeza kaa la moto.

“Nimekuuzia saa na mwenyewe,” alisema.

Khairat alicheka. Alidhani shoga yake alitaka kusema kwamba na mwenyewe karidhia, akayala maneno kwa haraka. “Nami nimekubali,” akajibu kwa utani, “saa na mwenyewe.”

Kauthar alishusha pumzi ndefu, akainuka kwenda kunawa mikono.

Asubuhi ile walikuwa wamelizunguka soko lote la Wete. Khairat alikuwa amepata kazi ya kupika uji na kupiga kengele katika skuli ya maandalizi, na mwalimu mkuu hakutaka kuona simu mbele ya watoto. Alihitaji saa ya mkono, ya kike, nzuri, na akiba yake yote ilienea katika fundo la leso. Wa kumchagulia alikuwa nani kama si Kauthar? Ndiye aliyemshika mkono alipomzaa Yussuf, akamfulia na kumpikia uji wa pilipili manga mpaka arubaini ikatimia, kwa kuwa Bakari, mume wa Khairat, alikuwa Unguja kwenye kazi za ujenzi.

“Usitazame uso wa saa, tazama mgongo,” Kauthar alimfundisha dukani. “Ukikuta chuma kitupu, chukua. Ukikuta rangi, jasho litaila. Na mkanda wa ngozi uwachie mabibi wa ofisini, wewe mkono wako wa kuosha masufuria.”

“Hii haiingii maji, bibi,” muuzaji alijitetea.

“Haiingii, maji yenyewe yanaionea haya!”

Walitoka wakicheka, kila duka wakaacha saa ya bandia yenye jina kubwa. Mwisho Kauthar akasema: mbona tunahangaika, ninayo moja kwangu, mgongo chuma, kioo hakishiki mkwaruzo, siivai. Nipe ulichonacho.

Ilikuwa saa nzuri kweli. Ndogo, ya rangi ya dhahabu iliyopoa, mshale wake ukitembea bila kutetemeka. Khairat alipoifunga aliona ina joto, kama imevuliwa sasa hivi kwenye mkono wa mtu.

Kilichoanza ni harufu. Alikuwa anachambua mchele, jua la utosini, nyumba kimya, akasikia halud, mafuta ya udi wanayojipaka wanaume siku ya Idi. Akadhani kuna mgeni mlangoni. Hakukuwa na mtu. Siku ya pili akasikia mtu anakohoa nje ya mlango wa chumba, kikohozi kidogo cha heshima, cha mwanamume anayetaka wenyewe wajue kwamba anaingia.

Kisha Yussuf akaanza kuachia ziwa. Alikuwa akinyonya kidogo, akasita, akaliachia, akatazama juu ya bega la mama yake kwa macho makubwa. Khairat alimbembeleza, akambadilisha upande. Maziwa yakapungua, yakawa matone. Mashavu ya mtoto, ambayo majirani walikuwa wakiyafinya kwa mapenzi, yakaanza kulegea. Pale kliniki muuguzi mmoja mpole alimpima, akampima tena, akamwambia, “Mwanangu, mtoto anarudi nyuma. Tusimwache hivi.”

Adhuhuri moja aliivua saa, akaitia katika kopo la maziwa ya unga, akalifunika, akalala ubavu na mwanawe ili amnyonyeshe. Akasikia mshale unatembea, akajua kopo liko mbali, ng'ambo ya chumba, akainua kichwa kusikiliza, na sauti ile haikuwa kwenye kopo wala ukutani bali ndani ya kifua chake, chini ya ziwa lile lile ambalo mtoto alikuwa amelitia mdomoni, ikigonga polepole kando ya moyo wake kama moyo mwingine, na godoro nyuma yake likabonyea, likabonyea zaidi, kama mtu mzito anayelala kwa uangalifu asimwamshe mkewe, na halud ikamjaa puani, na alipotaka kupiga kelele akaona mkono wake mwenyewe uliomkumbatia mwanawe umevaa saa.

Alitoka mbio na mtoto, bila viatu, hadi kwa Bi Mwanawema, mganga wa mtaa wa pili.

“Shikamoo, bibi. Nisaidie, mwanangu ananifia!”

“Marahaba, mwanangu. Kaa. Nani kakupa hiyo ulovaa?”

Bi Mwanawema alifukiza ubani, akamfunika kanga kichwani, akasoma. Khairat alikuwa anasikia kila kitu. Alisikia mdomo wake ukifunguka na sauti nzito, tulivu, ikipita ndani yake kama maji yapitavyo bombani.

“Wewe nani?” Bi Mwanawema aliuliza.

“Mwenyewe.”

“Umeingia kwa ruhusa ya nani?”

“Mimi si mwizi, bibi. Nimeuzwa, nimekubaliwa. Muulize mke wangu.”

“Na mtoto je?”

“Mtoto si wangu. Sishirikiani ziwa na mtu.”

Ubani ulipoisha, Khairat alikuwa analia. Si kwa hofu tu. “Kauthar hawezi, bibi. Kauthar ndiye aliyenifulia damu yangu.”

“Kweli kakufulia. Na kweli kakuuza.” Bi Mwanawema alimfuta machozi kwa upindo wa kanga yake. “Sisi wenye kazi hii hatuwaiti majini kwa majina. Twawaita wenyewe. Naye kalijua neno. Lakini sikiliza: mali iliyofichwa kasoro hurudishwa, hata kwa majini. Nenda kwake, mwambie ‘nakurudishia saa na mwenyewe.’ Akisema amepokea, imekwisha. Mtoto niachie, nitakaa naye kwenye baraza yako.”

Khairat alimkuta Kauthar mlangoni, begi limeshafungwa, gari ya kukodi inamsubiri. Baibui lilikuwa limemkaa vingine. Tumbo lilikuwa limejaa.

“Shoga,” Khairat alisema kwa sauti ya chini. “Mbona hukunambia una mimba?”

Kauthar aliitazama saa. “Nimeshazika wawili, Khairat. Wawili! Mwenyewe alikuwa hawataki. Ningefanya nini?”

“Ungenambia. Tungelia pamoja.”

“Wewe mtoto ushampata.”

Maneno yale yalimchoma kuliko yote. Hata hivyo aliivua saa, akasema kama alivyofundishwa: “Nakurudishia saa na mwenyewe.”

Kauthar alitazama chini. Kisha akanyoosha kiganja, safari hii mkono kwa mkono, akaichukua haraka.

“Nimepokea saa yangu,” alisema. “Unisamehe, shoga. Yussuf hajambo?”

Khairat alihisi mkono wake mwepesi, akashukuru. Kamuulizia mtoto, aliwaza, bado moyo anao. Kauthar alikuwa anakwenda kujifungulia kwao, Kisiwa Panza, na begi lake lilikuwa zito kwa mwenye mimba. Khairat akalinyanyua, akamtilia garini, akamfungia mlango. Gari ikaondoka kuelekea kusini. Kauthar hakugeuka.

Nyumbani Bi Mwanawema alikuwa kwenye baraza, Yussuf mapajani.

“Kapokea?”

“Kapokea, bibi! Kasema, ‘nimepokea saa yangu.’”

“Na mwenyewe?”

Khairat aliutazama mkono wake mtupu.

“Mwanangu, kasema amepokea saa na nini?”

“Saa yake, bibi. Kasema saa yake tu.”

Bi Mwanawema alisimama, akaanza kusoma chini kwa chini, akirudi nyuma hatua kwa hatua na mtoto kifuani. Kule barabarani vumbi la gari lilikuwa limeshatulia. Ndani ya nyumba, ambamo hamkuwa na mtu, mwanamume alikohoa kidogo, kwa heshima.

“Karibu, mke wangu,” alisema. “Mlete na huyo. Nishamzoea.”

Na Yussuf, ambaye tangu alipoanza kukonda hakuwahi kucheka, alicheka, akainyoosha mikono yake miwili kuelekea mlangoni ili abebwe.