Ukucha Mweusi, Ghorofa ya Tisa

"Mjusi, uko wapi?"

"Ghorofa ya tisa, mkuu. Vidole vya miguu vimekufa ganzi."

"Panda kwa mikono basi. Saa nane kamili yule mnunuzi anatuma siri zote za rada zetu. Zikifika nchini kwao, ndege zao zitaingia hatuzioni."

Mkuu wa operesheni akakata mawasiliano.

Jasusi huyo, aliyeitwa Mjusi kwa jinsi alivyokwea kuta, akameza tusi. Mguu wake ulikuwa namba arobaini. Stoo ya idara ilikuwa na thelathini na nane tu, na mkuu akaamua kwamba kiatu cha kukwea sharti kibane. Miezi minne sasa. Vidole vilijikunja kama vya kunguru, kifundo cha kidole gumba kikavimba, ukucha ukawa mweusi tii. Daktari alimwonya: kibane, kisikuue. Ukihisi ganzi, vua.

Nane kasoro dakika nne.

Akakanyaga ukingo wa dirisha. Mguu haukuhisi kitu.

Ukateleza.

Akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja, magari chini madogo kama viberiti. Akakunja goti, akafungua mkanda wa kiatu kwa mkono wa pili. Kiatu kikaenda. Cha pili kikafuata. Damu ikarudi vidoleni, moto mtupu, machozi yakamtoka. Lakini sasa aliusikia ukuta.

Chini, mlinzi akaona viatu vikidondoka. Akatazama juu.

Risasi ikachubua saruji karibu na sikio la Mjusi.

Mjusi akapanda, ukucha ukivuja damu. Akaparamia dirisha lililokuwa wazi la ghorofa ya kumi, akatua juu ya meza. Mnunuzi, mgeni mwenye suti ya kijivu, alikuwa ameinamia kompyuta.

Kwenye kioo, utumaji ulikuwa umefika asilimia tisini na sita.

"Usisogee." Mjusi alikuwa ameshachomoa bastola yake, Glock.

Mgeni akaitazama miguu yake, akacheka. "Idara yenu imeishiwa hata viatu?"

Mkono wake ukaingia kotini.

Glock ikakohoa mara mbili. Kompyuta kwanza. Kisha bega la mgeni.

Kikosi cha idara, kilichokuwa kimejificha chini, kilipomaliza kumfunga pingu mlinzi, Mjusi alikuwa ameshateremka kwa lifti, akimsukuma mgeni mbele yake. Mkuu alisubiri getini, injini inaunguruma.

"Vizuri. Ingia. Saa kumi kuna ukuta mwingine."

Mjusi akamtazama mpaka mkuu akahamisha macho.

"Huo kaupande mwenyewe. Mimi naenda kung'olewa ukucha."

Akavuka barabara kwa visigino, taratibu, akiyasimamisha magari kwa kiganja.