Kijiti cha Nafasi

Kila asubuhi kabla ya shule, Chapuchapu alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kumpelekea Bibi chai, na kumsikiliza Babu akitia chumvi. Mbili za kwanza alizimaliza mbio mbio. Ya tatu ilimshinda, kwa maana hadithi za Babu hazina njia ya mkato.

Jina la Chapuchapu lilitoka kwa huyo huyo Babu. Alidai kwamba siku moja mjukuu wake aliosha vyombo kwa kasi hata paka aliyelala ndani ya sufuria akaoshwa, akasuuzwa na kuanikwa. Hivyo ndivyo Babu alivyosimulia, na paka hajawahi kukanusha.

Asubuhi hiyo Bibi alikuwa dirishani, kwenye kiti chake cha magurudumu. Tangu avunjike nyonga hakuwa ametoka kwa mlango wa nyuma. Mlango ule ulikuwa na ngazi, na chini ya ngazi kulikuwa na udongo laini uliomeza magurudumu.

"Nimechoka na jua la dirishani," alisema huku akipokea kikombe. "Nataka jua lenyewe. Na maua yangu yamenisahau."

Mjomba, kitindamimba wa Bibi, alikuwa fundi seremala. Maneno hayo yalimwingia. Akaamua kumjengea mama yake baraza la mbao, sawasawa na kizingiti cha mlango, lifike mpaka penye maua.

Jumamosi Mjomba, Babu na Chapuchapu walikwenda kwa muuza mbao. Watu walimwita Kipara, na kichwa chake kilikuwa laini kuliko ubao wowote aliouza. Chapuchapu alikimbilia mbao nyeupe, nyepesi.

"Hizi, Mjomba! Naweza kubeba hata mbili!"

"Hizo zinafaa rafu ya vitabu," Mjomba alisema. "Baraza linanyeshewa, linachomwa na jua, na mchwa wanalipigia hodi. Hebu bonyeza kwa ukucha."

Ukucha ukaacha alama. Mjomba akamvuta mpaka kwenye mbao za mvule, nzito, za rangi ya asali. Hapo ukucha uliteleza tu.

"Mvule huo!" Babu alidakia. "Niliwahi kuupigilia msumari, msumari ukarudi kuniomba msamaha. Mchwa walikuja kuuonja, kesho yake wakaonekana wamepanga foleni kwa daktari wa meno."

Kipara alicheka, akagonga ubao kwa kiungo cha kidole. Ulilia kwa sauti kavu, nyembamba. "Sikia. Mbao zangu zimekaa kivulini mpaka zikakauka. Ubao mbichi hausemi hivi. Sikuuzii kitu kitakachoniaibisha."

Kazi ikaanza. Mjomba alipanga boriti juu ya mawe ili mbao zisiguse udongo. Alizikata mbao zote kwa vipimo, akazitoboa kwanza kwa drili, kwa kuwa ubao mgumu ukiulazimishia skrubu, ama skrubu inakatika ama ubao unapasuka. Kisha akachonga kijiti chembamba, akampa Chapuchapu.

"Hii ndiyo kazi yako, mpwa wangu. Kila ubao na mwenzake, weka kijiti katikati ndipo babu yako akaze skrubu, kisha ukichomoe. Mbao zikinywa maji zinanenepa. Zisipoachiwa nafasi, zitagombana."

Walianzia upande wa maua wakirudi mlangoni. Bibi alihesabu mbao kwa sauti kutoka dirishani, kama mtoto anayengoja sikukuu. Zilipobaki mbao chache, Mjomba akaitwa haraka: mlango wa mteja ulikuwa umegoma kufunguka, na mteja mwenyewe alikuwa ndani.

"Malizieni," alisema. "Ila msikimbie."

Kumwambia Chapuchapu asikimbie ni kama kumwambia jogoo asiwike. Mawingu yalikuwa yanakusanyika, na nje ya ua rafiki zake walikuwa wanamwita akacheze kamba. Akaharakisha. Kijiti kikamponyoka, kikapenya kati ya mbao, kikatumbukia gizani chini ya baraza.

Alichungulia, hakukiona. Angeweza kusema. Angeweza hata kuomba kijiti kingine. Badala yake akasukuma ubao uliofuata mpaka ukabanana na mwenzake. Mbona umependeza hivi!

Babu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti, aliinua bisibisi. "Kijiti kipo?"

"Kipo, Babu."

Babu akakaza skrubu. Wakaendelea hivyo hadi ubao wa mwisho. Kwa kuwa mbao zilibanana, pengo likabaki kati ya ubao wa mwisho na ukuta. Chapuchapu akaokota ubao mwembamba, akaupachika hapo kwa nguvu, akatoka mbio. Mjomba aliporudi, mvua ilikuwa imeanza. Alitupa jicho kutoka mlangoni, akaona mbao zimefika hadi ukutani, akaridhika.

Mvua ikanyesha usiku na mchana. Ilipokatika, Bibi alikuwa wa kwanza kuamka. Alivaa mtandio wake wa kutokea, akajipaka mafuta, akaomba asukumwe.

Mjomba alifungua mlango, akasimama. Upande wa maua baraza lilikuwa limetulia. Lakini hapo mlangoni mbao zilikuwa zimeinuka kama mgongo wa paka aliyeona mbwa. Skrubu mbili zilikuwa zimeng'oka. Gurudumu lolote lingekwama pale, na Bibi angekwenda kifudifudi.

"Kipara!" Mjomba alifoka. "Ameniuzia mbao mbichi! Urafiki wote ule! Leo atanitambua." Akaanza kuvaa viatu.

Chapuchapu alimtazama mjomba wake akifunga kamba za viatu. Akamtazama Bibi na mtandio wake.

"Mjomba, usiende," alisema. "Kipara hana kosa. Ni mimi. Kijiti kilianguka, nikazibananisha. Na pale ukutani niliziba."

"Lakini nilikuuliza," Babu alisema, "ukaniambia kipo."

"Kipo, Babu. Kipo chini ya baraza."

Babu alianza kucheka, Bibi akamtazama, kicheko kikageuka kikohozi.

"Babu mwenyewe husema uongo kila siku," Chapuchapu alinong'ona, machozi yakimlenga.

"Njoo hapa," Bibi alisema, akamshika mkono. "Uongo wa babu yako hata paka anajua ni uongo. Haujamwangusha mtu. Wako ulivaa nguo za ukweli, mjukuu wangu. Ungeniangusha mimi, na ungemwangusha Kipara bila kumgusa."

Kisha akavua mtandio taratibu, akaukunja mapajani. "Nitangoja. Nimeshazoea dirisha."

Hakumgombeza zaidi. Laiti angemgombeza! Mtandio ule uliokunjwa ulimuuma Chapuchapu kuliko fimbo.

Mbao ziliachwa zikauke. Kisha Chapuchapu akazifungua skrubu mwenyewe, Mjomba akisimama kando, na chini ya mbao wakakikuta kijiti, kimelala kwenye tope kama mkosaji. Akakiosha. Kila ubao akauweka, akapima, akarudia kupima. Rafiki zake walimwita, akawapungia tu mkono. Akalifagia baraza, akalipaka mafuta ya mbao kwa kitambaa hata kwenye ncha zilizokatwa, kwa maana ndipo maji hupenda kuingilia.

Siku ya kutoka, Chapuchapu ndiye aliyekisukuma kiti. Bibi alifumba macho. Magurudumu yakapita juu ya nafasi: tk, tk, tk, tk, kwa mwendo mmoja, mpaka penye maua.

"Hakuna hata moja uliyoiruka," Bibi alisema, uso wake ukiwa juani. "Kuangusha kijiti si kosa. Kila fundi huangusha kitu. Ukiangusha, sema, tuinamie pamoja. Ukificha, kitakuinukia siku usiyoitaka."

Toka siku hiyo baraza likawa mikononi mwa Chapuchapu. Hudondoshea tone la maji ubaoni: likikaa kama ushanga, mafuta bado yapo, likinywewa, ubao una kiu na hupakwa tena. Majani yanayoziba nafasi huyakwangua moja moja, polepole, hata Babu ameanza kutangaza kwamba konokono alimpita, akamsalimia, akaenda sokoni na kurudi.

"Kijiti kipo?" Bibi huuliza kutoka kitini, akitabasamu.

"Kipo, Bibi," Chapuchapu hujibu, na hukiinua juu ili akione.