Khuê na Neno la Adabu

Kila Jumapili jioni, vyombo vikishaoshwa, mama yake Khuê aliegemeza simu kwenye chupa ya mchuzi wa samaki na kumpigia bibi. Familia hiyo iliishi mjini Hamamatsu, nchini Japani. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha vyakula vya kufungasha, na baba katika kiwanda cha vipuri vya magari. Bibi alibaki kwao Vietnam, kijijini Nghi Lộc. Mara nyingi kilichoonekana kwenye simu ni paji lake la uso tu, maana hakuwahi kujifunza kuishika vizuri.

"Haya, bibi anakusemesha," mama alimnong'oneza Khuê. "Itika."

"Dạ," Khuê aliitika.

Hilo ni neno la adabu kwa Wavietnam. Mkubwa akisema, mdogo huitika dạ. Laweza kuwa "ndiyo", laweza kuwa "abee", na laweza kuwa "nakusikia" tu. Khuê alikuwa na miaka kumi na miwili, na neno hilo lilikuwa limemwokoa mara nyingi, kwa sababu maneno ya bibi hakuyaelewa hata nusu. Mama alimfundisha Kivietinamu cha vitabuni na redioni. Watu wa Nghi Lộc wana maneno yao, na matamshi yao huwafanya hata Wavietnam wenzao wakune vichwa.

Bibi aliongea, Khuê akaitika dạ. Bibi akauliza, Khuê akaitika dạ. Simu ilipokatwa, baba alicheka.

"Sijapata kuona mtoto mtiifu kama huyu! Huambiwa mambo kumi, huyakubali yote, na hatendi hata moja."

Wote walicheka. Khuê naye alicheka, lakini moyoni aliona haya. Alipokuwa mdogo angeweza kusema, "Bibi, sielewi," na watu wangeona ni utoto. Sasa alikuwa amechelewa. Angeanzaje kumwambia bibi kwamba miaka yote hiyo alikuwa akimwitikia tu?

Mwaka ule mama alipata likizo fupi ya kwenda kwao kwa sikukuu ya Tết, ambayo ndiyo Mwaka Mpya wa Vietnam. Japani siku hiyo si ya mapumziko, kwa hiyo baba alinyimwa ruhusa. Mama alijaza masanduku mpaka yakakataa kufungika: dawa za mafua, plasta za mgongo, chokoleti, na soksi nene za bibi. Kila mtu anayeishi ugenini hufanya hivyo. Asipoweza kuwapo, hutaka walau mizigo yake iwepo.

Walifika katika manyunyu na baridi. Mjomba Quyết aliwapokea, na kabla masanduku hayajashushwa, nyumba ilikuwa imejaa majirani waliokuja kumtazama "Mjapani". Mwanamke mmoja mnene, Thoa, aliyeishi nyumba ya pili, alimshika Khuê shavu na kumwuliza jambo.

"Dạ," Khuê aliitika.

Watu waliangua kicheko. Mama akamwelezea, akiwa amekereka kidogo, "Amekuuliza una umri gani."

"Basi umri wake ni dạ!" alisema Thoa, na watu wakacheka tena. Hakuwa na nia mbaya, lakini Khuê alijiapiza kutofungua mdomo mbele ya mwanamke yule.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka. Mama na mjomba walikwenda sokoni kununua maua ya pichi na vitu vilivyosahaulika. Khuê alibaki sebuleni akicheza na simu yake, ambayo bila laini ya huko ilifaa michezo tu. Bibi alikuwa nje kisimani, akiosha majani mapana ya kufungia mikate ya mchele wa kunata. Sakafu iliyozunguka kisima ilikuwa na ukungu wa kijani, na manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu alfajiri.

Bibi aliteleza. Alianguka chali, na kisogo chake kikagonga ukingo wa saruji. Hakuna aliyeona.

Baada ya kitambo alijikongoja mpaka ndani, nguo zimelowa mgongoni. Aliketi kwenye kitanda cha mbao, akashika kichwa na kusema kwa lugha ya kwao, "Mjukuu wangu, nimeanguka kisimani. Kichwa kinaniuma sana. Kimbia ukamwite Thoa."

Sasa sikiliza kosa lilipotokea. Watu wa Nghi Lộc husema bổ wakiwa na maana ya kuanguka. Katika Kivietinamu alichofundishwa Khuê, bổ ni sifa ya chakula kinachotia mwili nguvu. Kichwa bibi alikiita trốc, neno ambalo Khuê hakupata kulisikia hata siku moja. Basi katika maneno yote yale aliambulia "kisima" na "chakula cha nguvu". Akadhani bibi anazungumzia sufuria ya supu ya kuku iliyokuwa jikoni.

"Dạ," aliitika, akaendelea kucheza.

Bibi akajilaza kusubiri. Mtoto alikuwa ameitika, basi watu walikuwa njiani. Baadaye alifumbua macho na kuuliza taratibu, "Umeshamwita?"

"Dạ," alisema Khuê.

Bibi alisubiri tena. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyeingia. Safari ya tatu sauti yake ilikuwa nzito, maneno yakigongana. Hapo Khuê aliweka simu chini na kumtazama vizuri. Bibi alikuwa mweupe midomoni. Akarudia neno lile lile, bổ, na machozi yakamtoka.

Khuê alichanganyikiwa. Alijua kuna jambo bibi analitaka, na alijua halijui. Akakimbilia jikoni, akapasha supu, akajaza bakuli na kulileta kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Alitaka mno liwe ndilo jibu sahihi.

Bibi aliliangalia bakuli, kisha akamwangalia mjukuu wake. Aligeukia ukutani na kutapika.

"Bibi! Bibi, unataka nini?" Khuê alilia kwa Kivietinamu chake cha vitabuni. Bibi alijibu kwa sauti ndogo, na Khuê hakuelewa. Alichukua simu ya bibi, akampigia mama. Simu ya mama ikalia hapo hapo nyumbani, juu ya kabati, ilikoachwa ichajiwe; ya mjomba haikupokelewa. Khuê alisimama kati ya simu ile na kitanda kile, na hakuwahi kujiona mpweke namna hiyo maishani mwake.

Bibi alianza kusinzia, ukimwita hajibu vizuri. Ndipo Khuê alipotoka mbio, peku, kwenye manyunyu, mpaka kwa yule yule Thoa aliyemcheka jana. Thoa alikuwa akichochea moto chini ya pipa la kuchemshia mikate ya mchele.

"Ehe, dạ wetu kaja!" Thoa alimtania. "Bibi kakutuma nini?"

Neno lile lilimjia Khuê mdomoni lenyewe. Akalimeza.

"Sielewi!" alipiga kelele. "Bibi anasema, mimi sielewi! Sijawahi kuelewa! Anasema bổ, anasema kisima, anasema trốc, sijui ni nini!"

Kijiti cha moto kilimwanguka Thoa. Hakuuliza swali jingine. Alikimbia na unene wake wote ule akimwita mumewe alete pikapu, na majirani wakatoka na magodoro.

Hospitali ya mjini Vinh ilikuwa imepunguza wafanyakazi kwa ajili ya sikukuu, lakini daktari alikuwepo. Mama na mjomba waliletwa kutoka sokoni, mama bado amekumbatia tawi la maua ya pichi bila kujua kwamba amelishika. Daktari aliwaambia kuwa damu inavuja ndani ya fuvu, na lazima bibi apasuliwe mara moja.

"Alianguka lini?" aliuliza. "Nahitaji kujua. Sasa hivi, au tangu asubuhi?"

Mjomba alimtazama mama, mama akamtazama Thoa. Thoa akasema, "Mimi nimemkuta kalala tu."

Khuê alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Ndani ya nyumba ile walikuwa wawili tu, na mmoja hakuwa na fahamu.

"Tangu asubuhi," alisema. "Nyie mlipoondoka tu, bibi aliingia ameshika kichwa. Aliniambia, nikaitika dạ. Akaniuliza tena, nikaitika dạ. Sikujua alichosema. Nikampelekea supu."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani haraka. Mama alikaa chini, pale pale sakafuni.

Mwaka mpya uliwakuta kwenye benchi la korido. Nje fataki zililia mjini, na wauguzi waliopita walisema "heri ya mwaka mpya" kwa sauti ya chini. Hapakuwa na la kufanya. Mama alikuwa na pesa za Japani mkobani, zawadi masandukuni, na likizo inayokwisha, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoweza kuufungua mlango wa chumba cha upasuaji. Khuê alilia mpaka akachoka.

"Mama, nipige tu," alisema.

"Nikupige kwa kosa langu?" Mama alimvuta karibu. "Mwaka wangu wa kwanza kiwandani, wasichana wa kwetu waliotoka mikoa mingine waliniiga nikisema. Nikitamka neno, wanaanguka kwa kucheka. Nikaapa mtoto wangu hatachekwa. Nikakufundisha useme kama redio. Nilijua huelewi lugha ya bibi, Khuê. Nilikuwa nakwambia uitike tu, ili aridhike nami nisione aibu. Nimekunyima mdomo wa bibi yako kwa sababu ya vicheko vya watu nisiowakumbuka hata majina."

Thoa alikuwa amekaa nao, amelikataa gari la kumrudisha nyumbani usiku wa sikukuu. Akapenga kamasi kwa nguvu.

"Na mimi nikacheka jana," alisema. "Njoo hapa, mtoto. Nikufundishe maneno mawili ya Nghi Lộc, hayo ndiyo yatakayokusaidia kuliko mengine yote. Sema: chi rứa?"

"Chi rứa," Khuê alirudia. "Maana yake?"

"Si ndiyo hiyo! Maana yake, 'nini hicho?' Mtu akisema usilolielewa, mtupie. Chi rứa! Akichoka kujibu, shauri yake."

Kulipopambazuka, daktari alitoka akiwa na macho mekundu. Damu ilikuwa imeondolewa, na bibi angepona, ingawa polepole. "Mngechelewa kidogo tu," alisema, lakini hakuimaliza sentensi yake.

Likizo ilikwisha bibi akiwa bado kitandani. Mama aliomba kiwandani aongezewe siku, akakataliwa. Walikwenda kumuaga na masanduku matupu mlangoni. Bibi alikuwa amenyolewa nywele na kufungwa bandeji, akiwa amevaa soksi nene za Japani. Mama alimshika mkono.

Bibi alimtazama Khuê na kusema jambo refu.

"D..." Khuê alianza, akajikata. Uso ulimwaka. "Chi rứa, bibi?"

Bibi alikunja uso, kisha akacheka huku ameshika bandeji. Akarudia polepole, na mama akafasiri yale yaliyobaki.

"Anasema, siku ile alilala akisubiri bila wasiwasi, kwa sababu mjukuu wake alikuwa ameitika. Kilichomuuma kuliko kichwa ni kufikiri kwamba watu wameitwa wakakataa kuja."

Khuê aliinamisha kichwa. "Nisamehe, bibi."

"Nimekwisha kukusamehe," alisema bibi, na haya Khuê aliyaelewa mwenyewe. Bibi akaendelea, mama akifuata nyuma yake neno kwa neno. "Lakini ulishike hili, wewe na mama yako. Kuitika si kusikia. Ukiitika usichokielewa, umenidanganya kwa heshima, na uongo wenye heshima ni uongo vilevile. Kuuliza si ujinga. Niulize mara mia, na mimi nitakujibu mara mia. Nina kazi gani nyingine?"

Siku hizi simu ya Jumapili ni ndefu. Chai ya baba hupoa, na chi rứa husikika mpaka kwa majirani.

"Mtoto wangu mtiifu amekwenda wapi?" baba hulalamika. "Nimerudishiwa mbishi!"

Jumapili moja bibi alikuwa akieleza jambo, uso wake nusu ndani ya simu, nusu nje. Katikati ya maneno Khuê akasikia bổ. Aliruka kutoka kitini.

"Bibi! Bổ ipi? Ya kisimani au ya bakulini?"

Bibi aliinua bakuli la supu mpaka likaziba kioo chote.